Funza wa chungu au funza wa BSF, wepi uwafuge kwa ajili ya kuku wako?

Swali hili naulizwa sana na wafugaji wenzangu wa huku Pwani, kwamba chakula cha kuku kimepanda, dagaa hawashikiki, sasa nianze na wale funza wa kwenye chungu tuliowazoea, wa nzi wa kawaida, au niingie kwa hawa BSF (black soldier fly, nzi askari mweusi) wanaosifiwa siku hizi. Mi nimefuga wote, wa chungu miaka miwili na BSF tangu hapo mpaka leo, kwahiyo ntaweka pande zote mbili kama nilivyoziona alafu wewe utapima na banda lako, mfuko wako na muda wako. Ila kuna jambo nataka ulishike mapema. Watu wengi wanalinganisha funza kwa funza, yupi mnene, yupi ana protini nyingi, na hapo ndo wanapokosea, coz kinachoamua ni nzi mwenyewe. Yaani yule funza ambaye kuku hakumla, akishaota mbawa anakuwa nani na anafanya nini hapo nyumbani kwako.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe maana Kiswahili chetu kimewaweka wengi kwenye jina moja. Funza wa miguuni, yule anayetolewa kwa sindano kwenye kidole, sio mtoto wa nzi kabisa, ni kiroboto, na jike ndo anayejichimbia kwenye ngozi. Alafu kuna yule anayekutwa ndani ya uvimbe kama jipu kwa mtoto aliyevalishwa nguo iliyoanikwa chini na haikupigwa pasi, huyo kweli ni funza wa nzi ila ni nzi mwingine, anataga kwenye mchanga na kwenye nguo zenye unyevu, ndo maana bibi zetu walisisitiza pasi mpaka kwenye nepi. Hawa tunaowaongelea leo wanakula vitu vinavyooza, hawatoboi ngozi nzima ya mtu. Nalisema kwa sababu mke wangu mwanzoni alikataa kabisa nisilete funza nyumbani kwa kuogopa watoto miguu yao, na nimekutana na familia kadhaa zilizokwama hapo hapo.

Na kingine, funza hawazaliwi na uchafu. Bado kuna watu wanaamini nyama ikioza inazaa funza yenyewe. Mwaka 1668 kule Italia, daktari Francesco Redi aliweka nyama kwenye vyombo, vingine akaacha wazi na vingine akafunika kwa kitambaa chepesi, funza wakatokea kwenye vile vya wazi tu maana nzi walifika wakataga. Lichukulie hilo kama kanuni ya kazi, ukifunika hupati funza, ukiacha wazi unapata, na ukiacha wazi unapata pia nzi ambao hukuwaita.

Sasa tuanze na wa chungu, yaani funza wa nzi wa kawaida, yule anayetua kwenye chai yako.

Maisha yake ni mbio tupu. Jike anataga mafungu ya mayai kama 100 mpaka 150 kwa mara moja na kwenye maisha yake anaweza kufikisha 500 na kuendelea, mayai meupe membamba kama chembe za mchele uliovunjika, anayachomeka kwenye kitu kibichi chenye unyevu, kinyesi, pumba iliyochacha, damu. Hayamalizi siku moja yanakuwa yameanguliwa. Funza anajivua ngozi mara mbili, na kwa joto letu la huku siku ya nne mpaka ya sita ameshakomaa, ana urefu wa sentimita moja au kidogo zaidi. Ukimwangalia vizuri utaona upande mmoja amechongoka na una ndoano nyeusi, hapo ndo mdomo, na upande mwingine umekatika butu una madoa mawili meusi ambayo watu wanasema ni macho. Sio macho, ni matundu ya kupumulia. Anapumua kwa nyuma ili kichwa chake kibaki kimezama kwenye chakula muda wote, anakula bila kunyanyuka, na ndo siri ya kukua haraka namna ile.

Akishakomaa anaacha kula, anatoka kwenye ubichi kutafuta sehemu kavu na yenye giza, ngozi yake ya mwisho inakauka inakuwa ganda la rangi ya kahawia nyekundu kama punje ya ngano, huyo ndo pupa, na baada ya siku tatu mpaka sita hivi nzi anatoka. Anatokaje? Ana kifuko kwenye paji la uso anakijaza kama puto kinasukuma kifuniko cha ganda kinafunguka. Kwahiyo kwenye joto, kutoka yai mpaka nzi mzima ni siku 7 mpaka 10 tu. Alafu huyo nzi anaishi wiki mbili, tatu, hata nne, na muda wote huo anakula, na kwa kuwa hana meno anatema mate na vilivyomo tumboni juu ya chakula ili kilainike ndo anyonye. Ametoka chooni, anakuja kwenye sahani, anatema. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, salmonela, vyote anabeba kwenye miguu, manyoya na tumboni.

Uzuri wa funza hawa ni kwamba mtu yeyote anaweza kuanza leo jioni. Unachukua chungu au ndoo au beseni pana, unaweka samadi mbichi, ya kuku au ya nguruwe ni nzuri zaidi, ya ng'ombe inakubali ila inabidi uiongezee nguvu kwa pumba na damu au maji ya kuoshea dagaa, unalowanisha mpaka inakuwa kama uji mzito usiotiririka, unaweka kivulini, unaacha wazi siku moja nzi wa mtaani waje kutaga. Kesho yake unafunika na gunia au kitambaa ili wasiendelee kutaga ukawa na funza wa umri tofauti tofauti. Siku ya nne unavuna. Kuwatenganisha na samadi nako ni rahisi kwa sababu wanakimbia mwanga, unamwaga kwenye wavu juu ya beseni, unaweka juani, wenyewe wanazama chini wanapenya kwenye matundu wanadondokea kwenye beseni. Hutumii mtaji hata kidogo, na ni wadogo laini, vifaranga wa wiki moja wanawameza bila shida. Nisiwapake matope, kazi yao wanaifanya, na huko Afrika Magharibi, Mali, Ghana, Benin, Burkina Faso, wafugaji wadogo wamewatumia sana kwa njia hii hii ya kuacha samadi wazi.

Tatizo ni kalenda. Ukichelewa siku mbili umeshazalisha nzi. Mi nilikuwa na vyungu sita vikizunguka, kukatokea msiba bara nikaondoka ghafla, nikamwachia kijana maelekezo kwa simu na hakuyaelewa vizuri, nikarudi siku ya tisa. Nilichokikuta nyumbani sitakisahau, ukuta wa jiko ulikuwa mweusi, chakula hakifunuliwi, na kwa majirani ni hivyo hivyo. Mama jirani ana mtoto mdogo, aliugua tumbo wiki ile ile. Siwezi kusema ni nzi wangu ndo walimuumiza, mtoto anaweza kuumwa tumbo kwa mambo mengi, lakini nilienda kuomba radhi na moyoni niliona kama ni mimi. Siku hiyo ndo nilivimwaga vyungu vyote kwenye shimo nikafukia.

Na kuna hatari nyingine watu hawaisemi. Usije ukatumia mzoga kuzalisha funza, kuku aliyekufa, utumbo ulioachwa siku nyingi, usithubutu. Kwenye mzoga kuna bakteria anayetengeneza sumu kali sana, funza wanaimeza wao hawadhuriki ila kuku akiwala shingo inalegea, mbawa zinashuka, anashindwa kusimama, anakufa, na unaweza kupoteza kundi zima kwa siku moja mbili ukidhani ni mdondo. Pia nzi wa kawaida anabeba aina mojawapo ya minyoo ya tegu ya kuku, kuku anaipata kwa kumla nzi. Kwahiyo hata ukichagua njia ya chungu, funza wapitishe kwenye maji ya moto kwanza kama dakika mbili ndo uwape kuku. Najua wengi mnamwaga wazima wazima kwa sababu kuku wanafurahia kudonoa kitu kinachotembea, nawaelewa, ila maji ya moto ni kazi ya dakika chache tu.

Upande wa pili, BSF. Kwa Kiswahili watu wanasema nzi askari mweusi ila kwenye soko ukitamka BSF kila mtu anakuelewa. Asili yake ni bara la Amerika, siku hizi yupo karibu kila nchi yenye joto, na hata hapa kwetu anaruka porini bila kufugwa, inawezekana umeshamuona kwenye shimo la taka ukadhani ni nyigu maana ni mweusi mrefu, kama sentimita moja na nusu mpaka mbili, na chini ya kiuno ana vidirisha viwili vinavyopitisha mwanga kama kioo. Haumi, hana mwiba.

Maisha yake ni tofauti kabisa na ya yule mwingine. Jike hatagi ndani ya uchafu, anataga pembeni yake, kwenye ufa au tundu kavu lililo karibu na kitu kinachonuka, ili watoto wakianguliwa wadondokee kwenye chakula. Anataga mara moja fungu kubwa, mayai 500 mpaka 900, alafu anakufa. Mayai yanachukua kama siku nne kuanguliwa, sio saa kadhaa. Funza anakula wiki mbili hivi ukimpa chakula cha kutosha na joto la nyuzi 27 mpaka 30, lakini ukimnyima au baridi ikiingia anajivuta mwezi, miezi, anasubiri, hafi. Hilo peke yake limeniokoa mara nyingi, maana nikichelewa siku tatu mzigo haujaharibika, funza wamenenepa tu. Yai lina uzito mdogo kiasi kwamba gramu moja ina mayai kama 40,000, na funza aliyekomaa anaweza kufika sentimita mbili na nusu na uzito wa gramu 0.2. Ukipiga hesabu hiyo utaona kwa nini watu wanauziana mayai kwa gramu. Ila usidanganyike na hesabu ya kwenye karatasi kwamba gramu moja itakupa kilo nane, kuna wengi wanakufa njiani, mi nikipata kilo mbili na nusu mpaka tatu za wabichi nashukuru.

Hapa sasa ndo penye raha kwa mfugaji. Funza wa BSF akikomaa anabadilika rangi kutoka ya maziwa kuwa kahawia iliyoiva mpaka nyeusi, anaacha kula, anasafisha tumbo lake lote, na mdomo wake unageuka kuwa kama ndoano ya kumsaidia kutembea. Alafu anaondoka mwenyewe. Anapanda kutoka kwenye chakula kutafuta sehemu kavu yenye giza, na wewe ukiwa umeweka ubao wenye mteremko wa nyuzi 30 mpaka 45 hivi unaoishia juu ya ndoo, usiku anapanda anadondokea kwenye ndoo, asubuhi unakuta wako pale wasafi hawana samadi wala harufu. Mara ya kwanza kuona ndoo imejaa bila mimi kushika chochote nilimwita mke wangu, yule yule aliyekataa, na tangu siku hiyo yeye ndo anayesimamia.

Pupa anakaa kama siku 10 mpaka 14, alafu nzi anatoka. Na huyu nzi ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Hali chakula chako. Anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini alipokuwa funza, anahitaji maji tu, anaishi wiki moja hivi, kazi yake ni kutafuta mwenza na kutaga. Haingii jikoni kutafuta mchuzi, hatemi mate kwenye sahani, hana shida na choo chako halafu na meza yako. Ukisahau kuvuna BSF, kitakachotokea ni nzi wachache wamekaa kwenye majani ya mti, wanapigwa jua, wiki ijayo hawapo. Ukisahau kuvuna wa chungu, nimeshakusimulia.

Na zaidi ya hapo, palipojaa funza wa BSF nzi wa kawaida hapendi kutaga. Hili lilionekana kwenye utafiti wa kule Georgia, Marekani, miaka ya 1980 kwenye mabanda ya kuku, na mimi nimeliona kwa macho kwenye shimo la samadi chini ya banda langu, kabla lilikuwa linavuma, sasa hivi hapana. Kwahiyo mwingine anakuletea nzi na mwingine anawafukuza, na mtu anayekaa kwenye nyumba za kubanana uswahilini angelipima hili kabla hata ya kuuliza protini.

Sasa protini, maana najua ndo mnayoisubiri. Funza wa nzi wa kawaida akikaushwa ana protini kama nusu ya uzito wake, BSF ni kama asilimia 40 na mafuta mengi, yanaweza kufika theluthi moja kutegemea alikula nini. Kwa hiyo kwenye karatasi wa chungu anashinda. Lakini angalia na maji, wa chungu ni maji mengi zaidi mwilini, mi nilikuwa nahitaji kilo nne hata tano za wabichi kupata kilo moja kavu, wakati BSF kilo tatu zinatosha. Na BSF ana kalsiamu nyingi sana kwenye ngozi yake, mwenzake hana, na kwa kuku wa mayai hiyo sio kitu kidogo. Usije tu ukaacha kuweka chokaa au maganda ya konokono ukidhani funza wanatosha. Na ubaya wake ni kwamba yule mweusi aliyekomaa ana ngozi ngumu, vifaranga wadogo anawasumbua, kwahiyo kwa vifaranga navuna mapema wakiwa bado weupe, siku ya nane au ya tisa. Kwa vyovyote, funza sio chakula kamili. Mi kwa kuku wakubwa sizidishi sehemu moja ya funza wakavu kwa tisa za pumba, mahindi, mashudu na mengineyo, ukizidisha mafuta yanakuwa mengi, kinyesi kinalainika na kuku wananenepa bila kutaga.

Chakula cha funza wenyewe kinatofautiana sana na hapa ndo watu wanaangukia pua. Wa chungu anapenda samadi na damu. BSF anakula karibu kila kitu laini, maganda ya mapapai na matikiti, ugali uliolala, masalia ya mama lishe, machicha ya pombe, matunda yaliyooza ya genge, samadi ya kuku na nguruwe. Kule Nairobi kampuni ya Sanergy imewatumia kula taka za vyoo vya mtaa wa Mukuru na kuwageuza chakula cha mifugo na mbolea, ujue ni walaji wa namna gani. Ila samadi ya ng'ombe peke yake hawaipendi, ni nyuzi nyuzi tu, wanakua taratibu mno, na maganda ya machungwa na malimao wanayaacha mpaka mwisho. Kitu cha kuangalia ni unyevu, ukikamua kwa mkono itoe matone machache. Ikiwa supu wote wanapanda ukuta wa ndoo wanatoroka, maana funza mwenye mwili wa maji anapanda hata plastiki, akiwa mkavu anateleza. Hii ni kwa wote wawili.

Ukiwapa BSF samadi, jua unapata funza wa kuku wako tu. Soko kubwa lina masharti, Ulaya kwa mfano waliruhusu unga wa wadudu kwa samaki wa kufugwa mwaka 2017 na kwa kuku na nguruwe 2021, nzi wote wawili wapo kwenye orodha yao, lakini hawaruhusu waliolishwa kinyesi wala mabaki ya mezani. Na BSF anahifadhi mwilini baadhi ya metali nzito, kwahiyo taka za gereji, za jalala lenye betri na rangi, usimpe. Tuna tabia ya kusema funza anasafisha kila kitu. Chakula anakibadilisha, sumu ya namna hiyo inabaki ndani yake inaenda kwa kuku alafu kwako.

Kinachobaki baada ya BSF kumaliza ni mbolea nyeusi kama mboji, taka inapungua zaidi ya nusu, harufu inakuwa kama udongo. Mi naiweka kwenye mchicha na nyanya baada ya kuiacha wiki kadhaa itulie. Kwenye chungu unabaki na samadi ile ile nusu imeliwa na bado inanuka.

Gharama na usumbufu. Wa chungu ni bure, hilo halina ubishi. BSF anahitaji utulie kidogo. Ukitaka uwe na mbegu yako mwenyewe unahitaji kibanda cha chandarua kinachopigwa na jua, kwa sababu hawa nzi wasipopata mwanga mzuri hawapandani, nimejaribu ndani ya stoo kwa taa ya kawaida sikupata hata yai moja wiki tatu. Unawanyunyizia maji asubuhi na jioni, unaweka ndoo ya kitu kinachonuka iliyofunikwa kwa wavu, juu yake vipande vya mbao vimefungwa pamoja na mpira kukiwa na nafasi ndogo katikati, au maboksi yale yenye vitundu pembeni, humo ndo wanataga. Mayai unayatoa, unayaweka juu ya pumba laini iliyolowa au chakula cha vifaranga siku tano za mwanzo, maana funza wachanga ukiwatupa moja kwa moja kwenye taka wengi wanakufa, alafu ndo unahamishia kwenye beseni kubwa. Kila mavuno acha sehemu moja ya kumi wawe pupa. Mzunguko mzima ni wiki sita hivi, kwahiyo miezi miwili ya kwanza utakuwa unatoa tu hupati, na wengi wanakata tamaa hapo.

Kama huna pa kununulia mbegu, wa porini wanakuja wenyewe. Ndoo ya mahindi yaliyolowekwa yakachacha au matunda yaliyooza, boksi lenye vitundu juu yake, kivulini karibu na miti, ndani ya wiki mbili tatu kwa huku Pwani au Morogoro kipindi cha joto mara nyingi utaona mayai ya rangi ya krimu yamebanana kwenye matundu. Wakati huo nzi wa kawaida nao watakuja, kwahiyo chunguza, funza wa BSF ni bapa, ana pingili zinazoonekana wazi na kichwa kidogo kigumu cha kahawia, wa kawaida ni mviringo laini mweupe mpaka unaona chakula tumboni.

Maadui: sisimizi. Sisimizi wanamaliza mayai na funza wachanga usiku mmoja, weka miguu ya meza kwenye vikopo vya oili chafu au maji. Mijusi kafiri nao wanakula nzi kwenye kibanda mchana kweupe. Wa chungu hana shida hizo sana kwa sababu ya kasi yake.

Na hali ya hewa. Huku kwetu, Dar, Tanga, Mombasa, Kilifi, BSF anazaliana mwaka mzima. Kwa mtu wa Njombe, Makete, Limuru, mwezi wa saba, sikufichi, utateseka, joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi funza wanakaa tu hawakui na nzi hawatagi. Utahitaji kibanda cha nailoni kama cha nyanya, au ununue mayai na funza wachanga kwa mtu wa bondeni wewe unenepeshe tu, na lundo la funza wengi lenyewe linatoa joto ukiligusa utashangaa. Kwa Kenya kituo cha icipe pale Kasarani, Nairobi, wamefanya kazi kubwa ya utafiti na mafunzo ya hawa wadudu, mwenye nafasi afike aone kwa macho.

Kwahiyo ningekushauri hivi. Una kuku kumi kumi na tano wa kienyeji wanaojitafutia, usihangaike na hao wote wawili, geuza chungu chenye mabua na samadi kavu iliyolowanishwa juu ya tundu la mchwa jioni, asubuhi wape vifaranga mchwa walioingia humo, inatosha. Una vifaranga wengi sasa hivi, pesa ya chakula imekata na huwezi kusubiri miezi miwili, fanya wa chungu, lakini kiwe kimoja au viwili, mbali na jiko na choo, andika tarehe kwa chaki kwenye chungu chenyewe, na usianze kama una safari. Una kuku hamsini na kuendelea, au una bwawa la sato, au unapata taka za sokoni bure, au una majirani ukuta kwa ukuta na watoto wadogo, nenda BSF moja kwa moja hata kama unaanza na beseni moja. Kuanza na wote kwa pamoja sikushauri maana nzi wa kawaida watajaa kwenye beseni changa la BSF kabla BSF wenyewe hawajawa wengi wa kulitawala, nilipata shida hiyo wiki za mwanzo mpaka nikaanza kufunika na chandarua siku tano za kwanza.

Mi sasa hivi nina mabeseni manane, kuku chotara sitini, na mfuko wa dagaa niliokuwa namaliza kwa wiki mbili unanipeleka mwezi na nusu. Mama jirani naye mwezi uliopita alikuja na ndoo ya maganda ya ndizi ya genge lake, akaniambia nikipata mbegu ya ziada nimwekee, nimeshamtengea gramu mbili za mayai, Jumamosi nampelekea na ntakaa naye siku ya kwanza kumuonyesha unyevu.